UZI: Saa ya Kiswahili, maji ya bahari na usiku wa Ijumaa. Twasema lugha moja, lakini je, twahesabu siku namna moja?

#1 – Mwenye uzi (Lamu)

Assalaam aleikum wanajamvi.

Kazi yangu ni kuwakatia watu tikiti hapa Lamu, karibu na gati: boti za kuvuka kwenda Mokowe, mabasi ya Malindi na Mombasa, na boti za Pate, Siyu na Faza. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "saa ngapi?" Kwa sababu ya swali hilo nimeona jambo ambalo naliweka hapa tulijadili kwa marefu. Watu wawili wanaweza kusema Kiswahili fasaha, wakaelewana kila neno, na bado mmoja akafika mapema na mwingine akaachwa.

Nianze na boti ya Pate. Mgeni anauliza, "Boti ya Pate inaondoka saa ngapi?" Mwenye boti anamjibu, "Maji yakijaa." Mgeni anakasirika. Anaona amejibiwa ovyo, au watu wa Lamu hawajali wakati. Mimi husimama hapo katikati nikijaribu kuwapatanisha, na kila mara naona ni mgeni aliyekosa kusikia, maana jibu lilikuwa kamili.

Njia ya kwenda Pate inapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Maji yakipwa, chombo hakipiti. Na maji hayafuati saa ya ukutani: kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Boti iliyopita leo saa tatu asubuhi, kesho itapita karibu na saa nne, kesho kutwa karibu na saa tano. Ukibandika ukutani "Pate: saa tatu kila siku" utakuwa umewadanganya watu kuanzia siku ya pili. Ukisema "maji yakijaa" umesema kweli ya mwaka mzima.

Aliyekulia hapa akisikia jibu hilo haulizi tena saa, anauliza "mwezi ngapi leo?" Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mambo yanageuka: maji yanajaa karibu na saa nne. Kwa hiyo aliyejibiwa "maji yakijaa" amepewa saa, ila amepewa kwa hesabu ambayo lazima awe na mwezi kichwani ndipo aisome.

Haya ndiyo ninayotaka tuzungumze. Lugha ya hapa inamlazimu msemaji ajue mwezi uko wapi, jua liko wapi na upepo unavuma kutoka wapi. Je, tunapoendelea kusema maneno yale yale huku tukihesabu kwa namna nyingine, bado ni lugha ile ile?

#2 – Mchangiaji (Nairobi)

Uzi mzuri, lakini mwenye uzi, naomba niwe mkweli. Mimi nimeishi Lamu kikazi. "Maji yakijaa", "baada ya alasiri", "jua likipungua makali", yote hayo ni njia ya kuepuka kutaja saa ili mtu asilaumiwe akichelewa. Dunia ya leo inataka dakika. Tuache kupamba.

#3 – Mwenye uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, karibu, na ahsante kwa kusema wazi.

Mtu wa hapa akikuambia "baada ya alasiri" anamaanisha watu wakitoka msikitini baada ya swala ya alasiri. Mji huu una misikiti zaidi ya 20 na adhana inasikika kila mtaa, Mkomani hadi Langoni. Hakuna anayeweza kudai hakujua alasiri imeingia. Ni miadi yenye kengele inayolia mji mzima, na mtu akichelewa analaumiwa vizuri sana, tena mbele ya wenzake barazani.

Na wakati wa swala unatembea na jua. "Baina ya magharibi na isha" ni muda wenye mwanzo na mwisho unaojulikana na kila mtu, mtoto na mzee. Jua likichwa mapema kidogo mwezi huu, miadi nayo inasogea pamoja nalo bila mtu kutangaza. Kama kuna mtu anachelewa, huyo ni mchelewaji. Hata ukimpa saa ya dakika atachelewa. Usiibebeshe lugha tabia ya mtu.

Ila umenigusia jambo jingine, la saa yenyewe, na hilo ndilo linaloumiza watu zaidi kuliko boti ya Pate.

Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Jua likichwa tunaanza tena, saa moja ya usiku. Hapa karibu na Ikweta hesabu hiyo haina tabu, maana urefu wa mchana kati ya mwezi na mwezi unatofautiana kwa dakika chache tu. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na kuchwa karibu na saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Ethiopia nao wanahesabu vivyo hivyo mpaka leo, na Uarabuni kwa karne nyingi watu walikuwa wakirekebisha saa zao kila jua linapochwa. Mtu wa Ulaya ya kaskazini asingeweza: kwake jua la Juni na jua la Desemba hayatoki wakati mmoja hata kidogo. Yeye anaanza kuhesabu katikati ya usiku, mahali ambapo hakuna kitu cha kuona kwa macho.

Sasa angalia Kenya. Tikiti inaandikwa 7:00. Mimi naisoma "saa moja". Abiria aliyezoea anaona saba, anasema moja, na wala hahisi kwamba amepunguza sita kichwani. Taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye runinga inasomwa saa moja jioni huku pembeni ya kioo pameandikwa 19:00. Macho yanaona hesabu moja, masikio yanapokea nyingine. Wengi wetu tunaishi hivyo bila shida.

Shida ni kwa asiyezoea. Kuna mama mmoja wa hapa aliandikiwa kwenye kadi ya kliniki, kwa mkono, "2:00". Hakuna asubuhi, hakuna mchana. Akaisoma kama anavyosoma kila kitu kilichoandikwa kwa ajili yake: saa mbili. Akafika saa mbili asubuhi, na njaa, maana alijua ataambiwa atolewe damu. Akakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Hakuna aliyemkosea adabu. Aliyeandika aliandika alivyozoea, na aliyesoma alisoma alivyozoea, na saa sita za mtu mgonjwa zikapotea.

Na mabango ndiyo mabaya zaidi. Nimeona bango la mkutano limeandikwa "saa 8.00 asubuhi". Kiswahili hakina saa nane ya asubuhi. Kuna saa nane ya mchana na saa nane ya usiku, basi. Aliyetafsiri alichukua maneno ya Kiswahili akayavika hesabu ya Kizungu. Watu wa Langoni walisoma wakaulizana, ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana? Nusu walikuja hivi, nusu vile.

#4 – Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mkuu, huku kwetu saa ya Kiswahili ndiyo saa. Habari ya saa mbili usiku ni ya saa mbili usiku, hata kwenye mwaliko wa harusi mtu anaandika "saa 12 jioni" na watu wanafika saa 12 jioni. Wageni ndio wanaojifunza. Nadhani Kenya mnasumbuka kwa sababu ofisini mnaandika Kiingereza, sokoni mnasema Kiswahili.

Lakini simu! Nimeiweka simu yangu kwa Kiswahili, bado inaniambia 7:00. Imegeuza maneno yote, imeacha saa ya kizungu.

#5 – Mwenye uzi

Umenena. Hiyo ya simu ndiyo hoja yangu kwa ufupi: maneno yametafsiriwa, hesabu imeachwa.

Nilitaka sasa niingie kwenye siku, maana kuna jambo kubwa kuliko saa.

Siku yetu inaanza magharibi. Jua likichwa Alhamisi, hapo ndipo Ijumaa imeingia. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ndio usiku wa kusoma maulidi, usiku wa kuwaombea dua wazee waliotangulia. Mtu wa Lamu akikwambia "njoo usiku wa Ijumaa", mtu aliyesomea hesabu ya kuanza siku saa sita usiku anakuja Ijumaa baada ya isha. Amechelewa kwa siku nzima. Nyumba imefagiwa, mabusati yamekunjwa.

Jambo hili lilitokea kwenye shughuli ya jamaa zangu. Wageni walitoka Nairobi, safari ya mchana na usiku, na zawadi. Wenyeji waliona haya kuliko wageni. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba umesema na kusikia sawasawa.

Angalieni pia majina ya siku zenyewe. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano, kisha Alhamisi na Ijumaa zimebaki na majina ya Kiarabu. Juma letu linaanza pale Ijumaa inapokwisha. Mtoto wa shule anaambiwa kwamba Jumatatu ni siku ya kwanza ya wiki, huku jina lenyewe linamwambia ni ya tatu. Sijawahi kusikia mwalimu akisimama kumweleza mtoto kwa nini. Mtoto anakubali tu kwamba lugha yake haina maana, na hilo linaniuma. Ina maana, na maana yake iko wazi kabisa ukiambiwa mahali pa kuanzia.

Waandishi wa habari wamepata njia nzuri: wanaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Nawapongeza. Neno hilo halimpotezi wa pwani wala wa bara.

#6 – Mchangiaji (Malindi)

Salamu kutoka Malindi. Niongeze ya kwetu.

Mimi mamangu ni Mgiriama. Bibi yetu alikuwa na juma la siku nne, si saba. Siku ya nne ni jumwa, siku ya mapumziko, shamba halilimwi. Soko la zamani lilikuwa likifuata zamu hiyo. Ukisikia msichana anaitwa Jumwa, jina limetoka huko. Kwa hiyo bibi alipokuwa akisema "tukutane jumwa ijayo", jirani Mswahili alilazimika kuhesabu kwenye vidole ili ajue itaangukia Jumanne au Jumatano. Na walikuwa wakifanya biashara vizuri miaka na miaka! Kila mmoja alijua hesabu ya mwenzake.

Na mjini hapa kuna Waitaliano tangu miaka ya 1960, tangu wakati wa kituo cha anga cha San Marco. Vijana wa ufuoni wanaongea Kitaliano bila kwenda shule. Kijana mmoja anamwambia mgeni saa kwa Kitaliano, anageuka anamwambia nahodha kwa saa ya Kiswahili, anampigia mwenye hoteli simu kwa saa ya Kiingereza. Hesabu mbili na lugha tatu kabla ya chai. Hakosei, kwa sababu riziki yake iko hapo.

#7 – Mwenye uzi

Ndugu wa Malindi, umeleta jambo ambalo mimi sikulifikiria vizuri: kwamba kujua hesabu ya jirani yako ni sehemu ya kujua lugha yake. Bibi na jirani yake hawakuwa na hesabu moja, lakini hawakupotezana. Sisi wa leo tunapotezana kwa sababu tunadhani hesabu ni moja.

#8 – Mchangiaji (mwanafunzi wa isimu)

Naomba kuuliza kitaaluma kidogo. Mnachosema kinaelekea kwenye nadharia ya Benjamin Lee Whorf, kwamba lugha inaamua jinsi mtu anavyofikiri. Alidai Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, hawana maneno ya wakati kama ya Wazungu. Lakini mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha uchunguzi mkubwa ulioonyesha kwamba Kihopi kina maneno mengi ya wakati. Pia kuna John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, ambaye mwaka 1969 alitumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Je, mwenye uzi, unakubaliana nao?

#9 – Mwenye uzi

Swali zito, nitalijibu kwa nafasi.

Marehemu Mbiti ninamheshimu, aliandika wakati ambapo wengi walidhani Mwafrika hana fikra za kuandikwa. Lakini kwa hili sikubaliani naye. Hoja yake aliijenga zaidi kwa vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, kisha akachukua maneno mawili ya Kiswahili kuwa majina ya nadharia. Angeshuka pwani na hesabu hiyo asingefika mbali. Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo, na mtondogoo. Siku nne za mbele, kila moja na neno lake. Lugha isiyojali siku zijazo ingezihifadhi za nini?

Na huo ni mwanzo tu. Babu zetu walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Ndiyo siku ya mwaka, ile ambayo Makunduchi, Unguja, bado wanaisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo uligawanywa kwa miongo, kila mwongo siku kumi: mwongo wa kumi, mwongo wa ishirini, na kuendelea. Miongo 36 ni siku 360, na siku tano za kumalizia. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na unazunguka misimu yote, haumfai mtu anayengoja upepo. Kwa hiyo wakawa na miaka miwili kwa pamoja: mmoja wa ibada, mmoja wa bahari na shamba. Ahmad bin Majid, yule nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar aliyeandika habari za bahari hii, naye aliweka tarehe za safari kwa siku za Nairuzi.

Kwa nini? Kwa sababu mtu anayesafiri kwa tanga lazima ajue leo atakachokifanya baada ya miezi sita. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, inaleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kisha inageuka. Kusi inaingia Aprili au Mei, na Juni na Julai bahari huchafuka, chombo kidogo hakitoki. Kusi ikitulia ni demani. Kati ya upepo na upepo kuna tanga mbili, upepo hauna msimamo. Ukichelewa kuondoka ugenini, unakaa huko mpaka mwaka mwingine. Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi na nilimsikia akizungumza na wenzake juu ya safari; nusu ya maneno yao yalikuwa ya wakati ujao.

Niwape mfano ulioandikwa kwenye historia, na ni wa Malindi. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, akiwa na rubani aliyepewa na Sultani wa Malindi. Alivuka mpaka pwani ya Bara Hindi chini ya mwezi mmoja. Aliyemwongoza aliijua siku. Kurudi, Wareno hawakungoja msimu. Waliondoka Oktoba 5, kaskazi ilikuwa haijasimama, wakahangaika baharini karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 walikufa, wengi kwa kiseyeye, na walipofika Malindi Januari 7, 1499 walibaki wachache kiasi kwamba merikebu moja waliichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Watalii wanapigwa picha kwenye mnara wake pale Malindi. Natamani kando yake pangewekwa maelezo ya miongo.

Sasa kwa Whorf. Sidhani kwamba lugha inamfunga mtu asiweze kuwaza jambo fulani. Kijana wa ufuoni aliyetajwa hapo juu ni ushahidi tosha. Lakini lugha inamzoesha mtu kuangalia kitu fulani kila siku, hata asipotaka. Mimi siwezi kupanga safari ya Pate bila kuangalia mwezi, kwa sababu neno lenyewe la kupangia safari linanitaka niuangalie. Mtu aliyekua na "9:15" anaangalia simu. Wote tuna akili moja. Tumezoeshwa kuangalia vitu viwili tofauti.

Hata mwelekeo ni hivyo. Sisi hapa Makka iko kaskazini yetu, basi kaskazini tunaiita kibla. Kusini ni suheli, jina la nyota. Fundi akikuambia "ukuta wa kibla umepasuka", haongei dini wala hatumii dira. Ukikaa ndani ya nyumba ya mawe isiyo na dirisha la nje bado unajua kaskazini ni wapi, maana unaitaja kila unaposali.

#10 – Mchangiaji (Shela)

Mwenye uzi wasema kweli. Babangu ni mvuvi. Yuwatoka kabla ya alfajiri bila saa mkononi. Mimi niliwahi kumpa saa nzuri, aliivaa Idi tu.

Lakini tusidanganyane, miongo mimi siijui. Yeye yuwaijua kiasi, babake aliijua yote. Kwangu imebaki "kusi" na "kaskazi", na hizo nazo nasikia siku hizi hazifiki kama zamani.

Na tukija kwenye majina ya miezi ya baada ya Ramadhani, sahihisho dogo kwa wengi: ni Mfunguo Mosi, siyo Mfungo Mosi.

#11 – Mchangiaji (Mombasa)

Sisi twasema Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Tisa, tangu wazee. Iko kwenye kalenda za misikitini.

#12 – Mwenye uzi

Yote mawili yanasemwa na yote yamo vinywani mwa wazee, kwa hiyo sitaki tugombane. Mimi nasema Mfungo. Wanaosema Mfunguo wana hoja ya haki, kwa kuwa miezi hiyo inahesabiwa tangu watu wafungue Ramadhani: Shawwal ndio wa kwanza, na Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, ambapo Lamu inajaa wageni kutoka kila upande wa pwani. Kisha baada ya wa tisa zinakuja Rajabu, Shaabani na Ramadhani kwa majina yao. Yaani mwaka wetu wa ibada unahesabiwa kutoka kwenye mfungo na kurudi kwenye mfungo, ingawa mwaka wa Hijra wenyewe unaanza Muharram, ambao sisi tunauita wa nne. Hakuna aliyetuamuru. Tuliuhesabu kwa jinsi tunavyouishi.

Sasa kwa ndugu wa Shela. Uliyosema ya babako na babake ndiyo yanayonifanya nisilale. Neno "mwongo" la siku kumi likiondoka, haliondoki peke yake. Linaondoka na kujua kwamba siku fulani za mwaka dau la mtu mmoja halitoki nje ya mwamba, na siku fulani ndizo za kupanda. Sasa hivi watu wanasema mvua zimebadilika, upepo umebadilika. Zimebadilika kwa kiasi gani, kutoka wapi? Aliyekuwa na miongo angeweza kusema, "kusi ilikuwa ikiingia mwongo fulani, mwaka huu imechelewa miongo miwili." Sisi tunaweza kusema tu kwamba siku hizi si kama zamani. Tumebaki na hisia, kipimo hatuna.

Nairuzi nayo ina kasoro yake, na wazee walijua: mwaka wa siku 365 bila siku ya nyongeza unarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ndani ya maisha ya mtu mmoja ni siku kumi na kitu, anaweza kurekebisha. Kwa karne ni karibu mwezi mzima. Hiyo si sababu ya kuitupa, ni sababu ya kuijua.

#13 – Mchangiaji (Nairobi, yule yule wa #2)

Nimesoma mpaka hapa. Nakubali ya boti ya Pate na ya adhana. Lakini bado nauliza: mwisho wa yote unataka nini? Serikali iandike kadi za kliniki kwa mwezi mwandamo?

#14 – Mwenye uzi

La, ndugu yangu. Kadi ya kliniki nataka iandikwe "saa 8 mchana (2:00)". Neno "mchana" na ile namba ya pili, basi. Kalamu haiishi wino kwa hilo. Mimi nimeanza kufanya hivyo kwenye tikiti za basi: "saa 1 asubuhi (7:00)". Wanaokuja kuuliza wamepungua sana, na wazee wanasoma wenyewe bila kumtafuta mjukuu.

Boti za Pate naandika hivi: "maji kujaa, leo karibu na saa 5". Mwenyeji anasoma nusu ya kwanza, mgeni nusu ya pili. Kesho naandika saa nyingine.

Mialiko, tuandike "usiku wa kuamkia Ijumaa" tukiwaalika watu wa bara, na tubaki na "usiku wa Ijumaa" baina yetu. Shuleni, mwalimu wa Kiswahili anapofundisha saa, aanzie dirishani, awaonyeshe watoto jua liko wapi, kisha ndipo aende kwenye mshale. Siyo awaambie "soma namba iliyo mkabala". Nimesikia watoto wakifundishwa hivyo, kwamba saa ya Kiswahili ni kusoma upande wa pili wa saa. Mtoto anajifunza ujanja wa kupata jibu, na anakua akidhani babu zake walikuwa wakisoma saa kinyume.

Tena hili la miongo nawaomba sana walio Kizingitini, Siyu, Matondoni na Shela. Kama una mzee nyumbani anayejua kuhesabu kutoka siku ya mwaka, kaa naye, umuulize mambo matatu: mwongo gani bahari hufunga, mwongo gani hufunguka, na mwongo gani samaki gani hupatikana. Andika kwa maneno yake mwenyewe, usimsahihishe Kiswahili chake kiwe cha vitabuni. Akisema mai kwa maji andika mai, akisema ndia kwa njia andika ndia. Weka hapa chini pamoja na jina la kijiji. Usiweke jina lake kama hataki.

Mimi nitaanza na yale niliyobakiwa nayo kutoka kwa ami, ni machache, nitayaweka kesho baada ya isha.

#15 – Mchangiaji (Shela)

Babangu yuko barazani sasa hivi. Naenda na daftari.